Inspekta wa Dobi na Wauaji wa Ukurasa wa Mwisho

Saa moja asubuhi, na pasi imekwisha kupata moto. Inspekta analowesha kidole kwa ncha ya ulimi, anaigusa mara moja, anasikiliza. Kimya. Ingelia, ingekuwa pasi ya mashuka, na leo hakuna shuka hapa. Kilicho mezani ni riwaya ya upelelezi iliyonyeshewa mvua miaka mingi iliyopita, jalada lake limejikunja kama jani kavu.

Anatandika kitambaa chembamba cha pamba juu ya jalada, kisha anapitisha pasi polepole, kutoka mgongo wa kitabu kwenda nje. Mkono ni ule ule uliopitisha pasi juu ya mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja.

"Hutakiwi kukandamiza," anasema. "Ukikandamiza wino unahamia kwenye kitambaa, marehemu anabaki hana uso."

Marehemu ni mtu aliyechorwa kwenye jalada, amelala chali chini ya ngazi, kofia yake kando.

Upande wa pili wa meza ameketi mdogo wake wa tumbo moja, karani mstaafu wa wodi, kalamu nyuma ya sikio, daftari mbele yake. Anaandika jina la kitabu, rangi ya jalada, na rafu kitakapokaa. Kila baada ya vitabu vichache anamtazama dada yake kwa kuibia, kama mtoto aliyevunja sahani na hajui kama amesamehewa.

Juzijuzi tu hawa wawili walikuwa hawasalimiani. Nyumba ilikuwa na msiba usio na maiti. Na yote kwa sababu ya hivi vitabu.

Ni vitabu elfu moja na mia moja na ushee, vyote vya mauaji, na Inspekta hajasoma hata kimoja. Vimepanda kuta tatu za sebule mpaka juu ya dirisha, kwenye rafu ambazo mkwe wake, fundi seremala, alizigonga kwa mbao za makasha ya dawa. Mgeni akija, anakaribishwa kukaa juu ya kitanda.

Jina la Inspekta alipewa na fundi wa boila, kule dobi ya hospitali kubwa alikofanya kazi. Kila siku alikuwa na kitabu cha upelelezi mfukoni mwa aproni. Kila siku alikitoa wakati wa chakula, akafungua ukurasa wa kwanza, kengele ikalia.

"Nimesoma kurasa za kwanza nyingi kuliko mtu yeyote," anasema na kucheka. "Ukitaka kujua maiti ilipatikana wapi, niulize mimi. Baada ya hapo sijui kitu."

Vitabu vilimjia ndani ya mashuka machafu. Mgonjwa anasoma, anasinzia, kitabu kinazama kitandani. Asubuhi shuka linavutwa, linafungwa furushi, linatupwa kwenye mkokoteni. Kule dobi furushi likifunguliwa, kitabu kinaanguka sakafuni: pu. Kilikaa mwezi mmoja kusubiri mwenyewe. Asipotokea, kilikwenda kwenye tanuri la taka, pamoja na pamba na bandeji.

Inspekta alimwendea muuguzi mkuu wa enzi hizo akaomba asipewe mshahara zaidi, apewe vile vitabu.

"Chukua," alisema. "Ila ukivisoma uje unisimulie."

Muuguzi mkuu alistaafu bila kusimuliwa. Vitabu vya mapenzi viligombewa na wasichana wa kukunja foronya. Vya dini vilipata wenyewe siku hiyo hiyo. Vya mauaji havikutakiwa na mtu. "Hospitalini vifo vipo vya kutosha, nani anataka vya kubuni?" walisema wenzake. Vikabaki vyake. Na siku za mshahara, kikibaki chochote, aliongeza kimoja kutoka kwa muuza vitabu wa barabarani nje ya lango.

Msomaji atauliza: mtu anakusanya vitabu miaka thelathini na hasomi, ana nini?

Alikuwa na zamu. Kulikuwa na mapumziko ya mchana ya nusu saa, na mtu anayependa kusoma anaweza kujenga maisha ndani ya nusu saa. Kisha ikaletwa mashine mpya ya kufulia. Wakubwa wakapigwa picha nayo. Waliwaambia wanawake wa dobi kwamba itawapunguzia kazi, ikapunguza wafanyakazi. Kumi na wanne wakawa sita, mashuka yakabaki yale yale, na ile nusu saa ikafutwa kwa tangazo lililobandikwa mlangoni, lisilo na hata sahihi. Jioni akifika nyumbani kuna watoto wa kulisha na, kwa miaka kadhaa, nguo za majirani za kufua ili kodi itimie. Vitabu hivi havikukosa msomaji. Vilikosa saa, na saa hizo zina aliyezichukua.

"Nikasema basi, nitasoma nikistaafu," anasema Inspekta. "Kila nikiweka kimoja rafuni nilikiambia: wewe ningoje. Ndicho kilichonisimamisha miguu yangu ilipokuwa imevimba. Nilijua kuna mambo zaidi ya elfu moja siyajui, na yote yananisubiri."

Alistaafu miezi mitatu iliyopita. Kazi ya kwanza ikawa kuviorodhesha, maana hakujua tena ana nini. Akavipanga kwa njia ya dobi. Kule kila wodi ilikuwa na uzi wa rangi yake ulioshonwa kwenye pembe ya shuka. Naye akashona uzi kwenye mgongo wa kila kitabu kufuatana na picha ya jalada: mwekundu kwa waliochomwa kisu, kijani kwa waliopewa sumu, buluu kwa waliotolewa majini, mweusi kwa waliotoweka tu. Kisha katika daftari akaweka safu moja isiyopatikana maktaba yoyote: Alipofikia. Humo huandikwa ukurasa ambao mgonjwa alikunja pembe akaacha.

"Wengine walitoka kwa miguu yao wakasahau kitabu," anasema. "Wengine hawakutoka. Mtu amekufa yuko ukurasa wa tisini na saba, hajui nani kaua. Nikimaliza mimi, nitajua kwa niaba yake."

Kazi ilikuwa imekwenda vizuri mpaka ofisi ya mafao ilipoanza kumwita. Huko mtu aliyefua mashuka ya nusu ya mji anatakiwa kuleta barua kuthibitisha kwamba yu hai. Alikalishwa kwenye benchi karibu wiki nzima. Akamwachia mdogo wake daftari.

Aliporudi, mdogo mtu alikuwa amemaliza ukuta mzima. Mwandiko wa karani, mistari imenyooka. Inspekta alifurahi. Kisha akaona safu mpya upande wa kulia.

"Hii ni nini?"

"Matokeo, dada."

"Matokeo ya nini?"

"Ya kitabu. Nani kaua. Nimekuwekea kila mstari, usihangaike."

"Nisihangaike," Inspekta alirudia taratibu. "Mimi nimejiwekea mahangaiko hayo miaka thelathini, wewe umeyamaliza kwa wiki moja."

"Sasa faili bila matokeo ni faili gani?"

Alimaanisha hivyo. Kwa karani wa wodi, jalada la mgonjwa halifungwi mpaka lijazwe: amepona, amehamishwa, amefariki. Ukiliacha wazi, ofisi inalirudisha na unaandikiwa barua. Maisha yake yote ya kazi alikuwa anafungua mafaili kutoka nyuma.

Inspekta alifunga daftari, lakini macho yalikwisha kuona. Karani alikuwa amemwaga mtama penye kuku wengi. Alikwenda kukaa jikoni. Mdogo wake alimpelekea chai, ikapoa. Siku ya pili mdogo wake alipiga hodi mlango ambao haukufungwa.

"Dada, niseme nini?"

"Umeshasema kila kitu. Umeandika."

Siku ya tatu Inspekta alituma ujumbe kwa yule muuza vitabu wa langoni: njoo na mkokoteni, uchukue vyote.

Alifika asubuhi, mzee mcheshi anayesoma kila anachouza. Akashika daftari ili akadirie bei, akaanza kusoma mstari kwa mstari. Mdogo mtu alisimama mlangoni akifuta machozi kwa upande wa kanga. Inspekta alikuwa amegeukia ukuta.

Muuza vitabu akasita. Akapindua ukurasa, akarudi nyuma, akapindua tena.

"Mama Inspekta, huyu mpelelezi mfupi mwenye kigugumizi, mnasema ndiye muuaji?"

"Karani kasema."

"Hapa pia? Na hapa? Jamani, ameua katika vitabu zaidi ya kumi, na kila kitabu kinachofuata anarudi kazini analipwa mshahara?"

Inspekta aligeuka.

"Huyu ndiye anayekamata," muuza vitabu alisema, sasa akicheka mpaka daftari linatikisika. "Na huyu mpishi? Maskini, yeye kaleta chai tu. Na muuguzi huyu wa kitabu cha uzi wa kijani mnambambikia kesi. Aliyeua pale ni—"

Hakumaliza. Kiganja cha Inspekta, kile kilichokomazwa na mvuke, kilikuwa kimeziba mdomo wake.

"Ukitaja," alisema, "nakupiga pasi."

Huku kiganja kile kile kikiwa bado mdomoni mwa mzee wa watu, alimgeukia mdogo wake. "Wewe. Ulisoma nini hasa?"

"Ukurasa wa mwisho."

"Ukurasa wa mwisho tu?"

"Wa mwisho kutajwa ndiye niliyemwandika. Kwenye faili, cha mwisho ndicho matokeo."

Mtu aliyewahi kusoma hata riwaya moja ya aina hii anajua kwamba muuaji hutajwa mapema kidogo, mbele ya watu wote sebuleni. Ukurasa wa mwisho ni wa chai, wa kuagana, wa mpelelezi kutafuta kofia yake. Karani alikuwa amewahukumu wasio na hatia ukuta mzima.

Inspekta alijishusha juu ya rundo la vitabu. Alishusha pumzi ndefu, kisha nyingine, kama mtu aliyetuliwa furushi la mashuka mabichi kichwani. Kicheko kikaanzia mabegani. Kikampata mdogo wake, kikampata muuza vitabu ambaye hakuwa ameacha.

"Kwa hiyo sijui kitu," alisema Inspekta, akijifuta macho. "Mungu wangu, bado sijui kitu."

Baadaye, chai ilipokwisha kumiminwa, alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ndivyo walivyotufanya sisi na yale mashuka," alisema.

Wanawake wa dobi hawajasahau mwaka ule, na gazeti hili halina sababu ya kuusahau. Mashuka mapya mia mbili yalikosekana. Ofisi haikuuliza yalinunuliwa wapi wala nani aliyapokea. Ilitazama saini ya mwisho kwenye karatasi, ikakuta ya dobi, ikafunga faili. Theluthi moja ya mshahara ilikatwa kwa miezi saba. Mmoja wao alimtoa mwanawe shule. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba mashuka yale hayakuwahi kushushwa kutoka kwenye lori. Aliyetia saini ya kwanza alikuwa amepandishwa cheo. Hakuna aliyeomba radhi, na fedha hazijarudi mpaka leo.

"Mimi sikujua kama nimefanya yale yale," mdogo mtu alisema.

"Hukujua. Wao walijua. Hiyo ndiyo tofauti, ndiyo maana wewe unakunywa chai yangu."

Mkokoteni uliondoka mtupu. Muuza vitabu alilipwa kwa vikombe viwili vya chai na onyo kali kuhusu mdomo wake.

Safu ya Matokeo haikufutwa. Inspekta amekataa. Ila kichwa cha safu kimekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake karani, kwa mwandiko wake mzuri, ameandika upya: Wa mwisho kuonekana.

Mipango imepangwa. Vitabu viwili kwa wiki, ambavyo vitawachukua zaidi ya miaka kumi. "Kwa hiyo sina ruhusa ya kufa," anasema Inspekta. Anataka pia kumtafuta yule muuguzi mkuu wa zamani, ambaye inasemekana yu hai na haoni vizuri, akamlipe masimulizi yake. Adhabu ya karani ni kusoma kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza, bila kuruka, huku dada yake amekaa. Amekaa tu, mikono mapajani, haipigi pasi wala haikunji.

Na kwa kuwa mazoea yana taabu, kila kitabu kabla hakijaanza kinapitia kwenye sindano. Inspekta anazishona kurasa za mwisho pamoja kwa uzi wa dobi, mshono ule usiofumuka hata kwa maji ya moto. Mkasi mdogo wa kuukata, siku ikifika, unaning'inia shingoni mwake.

Saa nne, orodha ya leo inafungwa. Pasi inazimwa. Kitabu wanachosoma sasa kina uzi wa buluu, na leo wamefika penye pembe iliyokunjwa, ukurasa wa tisini na saba. Karani anainyoosha pembe kwa kidole gumba. Kutoka hapa wanakwenda mahali ambapo mwenye kitabu hakufika.

Anasoma mistari michache. Kidole chake cha shahada, chenyewe, kinaanza kutambaa kuelekea nyuma ya kitabu, kinagusa mshono.

"Mkono," anasema Inspekta, macho amefumba.

Mkono unarudi.

"Dada, nadhani ni yule mwenye boti."

"Soma."