Beryl Tranter na Bahati Nasibu ya Nyama

Wazee wa Port Kembla, mji wa bandari na kiwanda cha chuma huko Australia, hawajamaliza kubishana kuhusu Beryl Tranter. Wengine wanasema alikuwa mtu wa jazi aliyejua bluzi, wengine wanasema kinyume chake, na hapo bia inamwagika na sauti zinapanda. Upuuzi mtupu! Beryl alijua gitaa, basi. Ungempa wimbo wowote wa watu wowote, akausikiliza mara mbili huku amefumba macho, kisha akakupigia mpaka ukajiona wewe mwenye wimbo ndiye mgeni.

Alianza na miaka kumi na mmoja, kwa gitaa la mjomba wake lililokosa waya mmoja. Alipofika ishirini alikuwa Sydney, katika bendi ya ukumbi wa dansi, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na wanne. Meneja akamtaka avae gauni la kumetameta, akae mbele, atabasamu. Beryl akavaa suruali, akaenda kukaa nyuma karibu na drams, akapiga rithim, yaani mapigo ya kuwabeba wengine. Wiki mbili tu, wacheza dansi wakaanza kuuliza ni nani yule anayewawasha miguu, na habari ya gauni ikafa kifo chake. Baadaye akapigia sarakasi, akapigia televisheni matangazo ya sabuni, akapiga jazi kwenye vilabu vya chini ya ardhi na bluzi kwenye mabaa ya bandarini. Mama yake alipougua akarudi nyumbani, na hakuondoka tena. Wahamiaji wa Kimakedonia wa mjini walipomwita harusini, wakamtega kwa ngoma yao ya mapigo saba ambayo imeshinda wanamuziki wengi wenye majina. Alijifungia siku tatu na kaseti. Siku ya nne bibi harusi alicheza mpaka kiatu kikakatika.

Lakini kazi aliyoionea fahari kuliko zote ilikuwa kufundisha. Jumanne na Alhamisi kibaraza chake cha nyuma kilijaa watu: wauguzi, madereva wa kreni, mama mmoja mwenye duka la samaki. Na sheria yake ilikuwa moja, haina huruma. Kwanza rithim, angalau mwaka mzima. Hugusi solo, kung'aa peke yako mbele za watu, mpaka ujue kumbeba mwenzako.

Aliyeumia zaidi kwa sheria hiyo ni Blagoja Stojkovski, mtu wa tanuru la chuma, mwenye vidole vinene na moyo wa haraka. Miaka miwili ilipita, bado yuko kwenye rithim.

"Mwalimu, mwaka umekwisha. Tena umekwisha mara mbili."

"Nani kasema?"

"Kalenda."

"Kalenda haina masikio. Unakimbia, Blagoja. Kuna moto wapi?"

"Kazini kwetu upo mwingi tu, mwalimu."

"Basi uwe unauacha huko huko!"

Hata hivyo alimpenda. Mwaka wa 1979 ulipoanza alimchukua kwenye bendi yake ndogo ya Jumapili mchana, katika klabu ya wacheza matufe, wale wanaoyaviringisha kwenye uwanja wa majani, akamkalisha kiti cha nyuma, apige rithim na afunge mdomo.

Mwaka huo huo ndipo mkono wa Beryl ulipoanza kumsaliti. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na jirani yake, vilianza kujikunja kuelekea kiganjani, kidogo kidogo, na havikutaka kunyooka tena. Daktari akamwambia ni ugonjwa wa ukoo. Baba yake naye lazima alikuwa nao. Wangeweza kupasua, lakini hakuna wa kumwahidi kitu. Beryl akarudi nyumbani, akatengeneza chai, hakuinywa. Alikuwa na miaka sitini na moja, hana mume tena, hana mtoto, na kama hapigi gitaa hakujua yeye ni nani. Aliogopa, na woga huo hakumwambia mtu. Akaanza kuvaa glavu mitaani hata siku za jua, akahamisha nyimbo zake sehemu nyingine za shingo ya gitaa, akazipitisha kwenye vidole viwili vilivyobaki vizima. Jumapili zikapita. Hakuna aliyesema lolote, naye akaanza kuamini kwamba bado yumo.

Sasa, klabu ile ina jambo lake ambalo halichezewi. Kila Jumapili, saa kumi kasoro robo, muziki unasimama na Clarrie Upjohn anashika kipaza sauti kuendesha bahati nasibu ya nyama: trei za mbavu za kondoo, soseji, na kipande cha nyama ya kuchoma kwa mwenye nyota kali. Clarrie alikuwa dereva wa kreni mstaafu, na kwake yeye bendi ilikuwa kitu cha kupitishia muda watu wakingojea nyama. Kwa miaka kumi na minane yeye na Beryl walikuwa vitani. Beryl hakumpa hata dakika moja ya bure. Saa ingefika, Clarrie angesimama pembeni na tiketi zake akikohoa, na Beryl angemtazama machoni na kuanza mzunguko mwingine wa wimbo.

"Nyama inaoza, Beryl!"

"Basi imepata wa kufanana nayo!"

Ukumbi wote ungecheka, na yeye angeongeza mzunguko mwingine kwa makusudi.

Jumapili moja ya Oktoba ukumbi ulifurika. Beryl alianza bluzi yake ya polepole, ile ambayo watu walikuwa wakiacha glasi mezani kuisikiliza. Mzunguko wa kwanza ukaenda, wa pili ukaenda. Kwenye wa tatu alijisahau, akanyoosha kidole kile kigonjwa kutafuta noti, kidole hakikwenda. Akajaribu tena. Kilikuwa kimejikunja, kimelala. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Akainama kwenye kipaza sauti.

"Clarrie, njoo ugawe nyama yako."

Lo! Hilo ndilo kosa alilofanya. Angeweza kukosea noti ishirini na pasiwe na wa kumshtukia. Nusu ya wale wazee masikio yao yaliliwa na kiwanda. Lakini Beryl kumwachia Clarrie robo saa nzima? Hata viziwi walielewa kwamba kuna jambo. Clarrie mwenyewe hakusogea.

"Hii ni saa tisa na nusu tu, Beryl."

"Saa naiona, bwana."

"Unaumwa, mama?"

Aliuliza kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko matusi. Beryl akaweka gitaa chini, akatoka kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye majani ya uwanja wa matufe. Blagoja akamfuata.

"Nipe huo mkono, mwalimu."

"Sikupi. Rudi ndani."

"Nimekaa mita moja kutoka mkono huo tangu mwaka uanze. Unadhani nilikuwa naangalia soseji?"

Beryl akageuka. "Umejua lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na ukanyamaza?"

"Ulinifundisha kumbeba mwenzangu. Kumtangaza hukunifundisha."

Beryl akazirudia Jumapili zote kichwani. Zile noti za chini ambazo vidole vyake visingeweza kuzifikia, na bado alizisikia, kila moja mahali pake, akadhani ni zake.

"Ulikuwa wewe," akasema.

"Si zote."

"Ngapi?"

Blagoja akatazama viatu vyake. "Nyingi, mwalimu. Nisamehe."

Beryl akalia pale pale kwenye majani, bila kujificha. Alilia kwa aibu na kwa hasira, na kwa ajili ya mkono wake. Kisha jambo jingine likamwingia polepole. Yeye, mwenye sikio ambalo lingesikia waya mmoja uliolegea kwenye bendi ya watu kumi na watano, alibebwa miezi sita mizima na hakujua kama amebebwa. Katika miaka yote ya kufundisha hakuwahi kupata mwanafunzi aliyeweza hilo.

Akafuta uso kwa kiwiko. "Haya, twende."

Ndani, trei ya mwisho ilikuwa imeshapata mwenyewe. Beryl akapita mbele ya kiti chake, akaenda kukaa kile cha nyuma, akavuta kipaza sauti.

"Solo, Blagoja Stojkovski. Rithim, Beryl Tranter."

Blagoja alipiga. Chini ya solo hiyo Beryl alitembea na vidole viwili na dole gumba, hana haraka. Kila Blagoja alipotaka kutoroka, alikuta njia imeshawekwa mbele yake, akatulia juu yake. Mzunguko wa tano watu walikuwa wamesimama. Clarrie alikuwa anafuta macho waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Makofi yalipopungua, Blagoja akainama kwake.

"Nimekimbia?"

"Kidogo."

"Basi wiki ijayo nirudi kwenye rithim?"

"Utakaa wapi?" Beryl akasema. "Kiti hiki kina mtu."