Injinia Wetu na Koki Iliyopotea

Mjomba wangu hajui kufunga hata kifuniko cha chupa kikakaa, lakini kwetu anaitwa Injinia. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalirudia mbele za watu mpaka wakachoka kucheka, na walipochoka kucheka likawa jina lake. Kazi aliyoifanya maisha yake yote ni kulinda ghala la mabomba la kampuni moja ya ujenzi. Asubuhi alifungua lango, jioni alilifunga, na katikati alikaa kwenye kiti akitazama mabomba yakiingia na kutoka. Paka naye hukaa jikoni miaka, lakini sijasikia paka aliyepika.

Alipostaafu aliondoka na ovaroli ya bluu, spana moja na maneno. Maneno ndiyo mengi. Akisimama mbele ya bomba linalovuja huweka mkono kiunoni, huinamisha kichwa, hukaa kimya muda wa kutosha watu wote waone kwamba anafikiri, kisha husema, "Presha." Ukimuuliza presha imefanya nini, anaomba chai.

Ufundi wake wote ni mpira. Huchana mpira wa ndani wa baiskeli vipande virefu, huviringisha kwenye bomba, hukaza kwa waya, hujipangusa mikono na kutuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Panakauka siku chache, halafu pa jirani yake panaanza kuvuja, na Injinia anaitwa tena, na chai inachemshwa tena. Nyumba ya mama imejaa bandeji zake. Choo kinavutwa kwa kamba ya kiatu. Bomba la bafuni linafunguliwa kwa koleo, na koleo lenyewe linaning'inia hapo ukutani kwenye msumari, mgeni akienda kuoga anaelekezwa kwanza. Koki ya kwenye mita aliivunja kichwa siku alipotaka kutuonyesha jinsi koki inavyokazwa. Aliondoka na kile kichwa mfukoni, akasema anakwenda kukitafutia mwenzake. Mpaka leo bado anatafuta.

Mtu wa nje angeuliza kwa nini tunaendelea kumwita. Mtu wa nje hajui ukoo wetu. Kwetu, kumwita fundi mwingine na Injinia yupo ni sawa na kumvua nguo barabarani. Dada yangu aliwahi kuthubutu, akamleta fundi nyumbani kwake kisirisiri, habari zikafika. Harusi ya mwanawe ilipofika, mjomba alikuja amevaa suti, akakataa kukaa mezani, akala amesimama mlangoni ili kila anayeingia aulize kulikoni. Dada aliomba radhi mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo ukoo mzima unavuja kwa heshima.

Na mtetezi wake mkuu ni mama yangu. Mama yao alifariki mjomba akiwa mchanga, dada mtu akamlea. Alimbeba mgongoni tangu hapo, na kwa ninavyoona mimi hajamshusha. Ukisema mjomba hajui kazi, mama anakujibu kwamba mjomba ana moyo. Sijawahi kuona moyo ukiziba bomba, lakini mama ndiye mama, nikawa nanyamaza.

Nilirudi kuishi na mama baada ya yeye kuvunjika nyonga. Hatembei. Analala chumba cha nyuma, chumba cha kwanza kabisa marehemu baba alichojenga kwa mikono yake, kwa matofali ya udongo ambayo hayakuchomwa, kisha akayapaka saruji juu yapate sura. Ukuta wa namna hiyo unavumilia jua na unavumilia watoto, lakini haunywi maji ukabaki kuwa ukuta. Kila mtu nyumbani alilijua hilo. Injinia alilijua, maana yeye ndiye aliyekuwa akilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku bomba lilipopasuka ilikuwa asubuhi, nimetoka kumwogesha mama na kumrudisha kitandani. Kwenye kona ya jikoni, upande wa pili wa ukuta wa chumba chake, palikuwa na bandeji moja ya zamani. Ikaachia. Maji yakatoka yakapiga ukuta, yakashuka, yakapita chini ya mlango na kuingia uvunguni mwa kitanda. Nilitia ndoo, nikatia beseni, nikatia kanga zangu mbili. Nikamwambia mama nakwenda kutafuta fundi.

"Mwite mjomba wako," akasema.

"Mama, leo si siku ya mjomba."

"Mwite. Akikuta mtu mwingine nitamwangaliaje?"

Nikampigia. Alifika na ovaroli yake, akapita juu ya maji kwa vidole vya miguu, akaingia kumsabahi dada yake, akatoka, akaweka mkono kiunoni. Nikajua linalofuata.

"Presha," akasema.

"Mjomba, maji yanafungwa wapi?"

"Subiri kwanza nilisome bomba."

Akalisoma. Aliomba kiti ili alisome vizuri. Kisha akatoa mpira wake, akauviringisha, akakaza kwa waya, na bomba, ambalo lilikuwa limepasuka nusu, likakatika lote. Sasa maji hayakumwagika tena, yalirushwa. Injinia aliruka nyuma akalowa mpaka kifuani, akaniambia mimi ndiye niliyemsemesha akiwa katikati ya kazi.

Hapo nikaona maji yamezidi unga. Nilivaa viatu nikatoka bila kumuaga mtu.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, njia panda, mafundi wanakaa barazani wakisubiri wateja. Ukifika na sura ya shida wanasimama wote. Kila mmoja ni fundi umeme, fundi rangi, fundi bomba na dalali wa viwanja. Mmoja alinishika mkono akaniambia twende, atajua akifika. Nilimuuliza akifika ataanza na nini. Akasema ataanza na kuangalia. Nikamwambia wa kuangalia ninaye nyumbani, tena amevaa ovaroli. Mwingine alikuwa tayari kuja, ila vifaa vyake viko kwa rafiki yake, na rafiki yake yuko safarini. Niliwatazama wale wanaume wazima, nikaona mjomba wangu hakuanguka kutoka mbinguni. Wako wengi, yeye tumebahatika kuzaliwa naye.

Mwanamke mmoja mnene alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaongea na simu kwa sauti ya kugombana. Alikata simu akaniuliza, "Maji mmeshafunga?"

Nikasema koki ya kwenye mita haina kichwa, na nyingine hatujui iko wapi.

"Nyumba imepasuka bomba, wewe unazurura huku, maji hamjafunga. Haya, twende tukaitafute. Na usinisemeshe njiani, nimeamka vibaya."

Nilimpenda hapo hapo. Wote wale walitaka kunitengenezea bomba, huyu peke yake aliuliza kuhusu maji.

Tulipofika, mjomba alikuwa amesimama kibarazani, ameshika spana. Alimtazama fundi juu mpaka chini, akanitazama mimi, akacheka kidogo kwa pua.

"Binti, hii si kazi ya kuosha vyombo."

"Shikamoo mzee. Koki ya nyumba iko wapi?"

"Hii nyumba haina koki."

"Kila nyumba ina koki. Ya kwenye mita imekatwa kichwa, nimeiona. Ya pili iko wapi?"

Niliona macho yake yakienda chini, kwenye vigae vya kibaraza, yakarudi haraka. Wakati ule sikuelewa. Kile kibaraza alikiweka vigae yeye mwenyewe, miaka kabla sijarudi, na hakuna sherehe aliyowahi kuhudhuria bila kutaja vile vigae. Akakohoa.

"Kama ipo, itakuwa kule kwenye ua," akasema. "Kule kwa michongoma."

Fundi akachukua jembe akaenda kuchimba kwa michongoma. Injinia akamsimamia, akimwelekeza asogee kulia, asogee kushoto, aende chini zaidi. Mimi nikaingia kwa mama. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu. Chini ya dirisha saruji ilikuwa imevimba, na nilipoigusa ikabonyea. Ndani yake hapakuwa na tofali, palikuwa na uji. Kitanda cha mama kimeegemea ukuta ule ule.

"Mama, nakutoa humu."

"Sitoki."

"Ukuta unalainika."

"Nimesema sitoki. Mjomba wako yuko wapi?"

"Yuko nje anachimbisha watu."

"Mwite aje anione."

Nilimwita. Akaja mpaka mlangoni, akasimama kizingitini, maji yakipita juu ya viatu vyake. Mama alimtazama. Alimtazama jinsi anavyomtazama mtoto ambaye amesikia swali na anajua jibu. Mjomba aliutazama ukuta, akautazama uvimbe chini ya dirisha, akaangalia dari.

"Dada usiwe na wasiwasi," akasema. "Tunaishughulikia." Akarudi kwenye michongoma.

Nilimkimbilia nje, nikamsimamisha. Nikamwambia, kama kuna mahali unapopajua, mjomba, sema sasa, mama yumo ndani. Akaniambia nisimfundishe kazi, alikuwa akiona mabomba kabla mimi sijazaliwa. Walio tayari kufa na tai shingoni nimewaona, lakini huyu alikuwa tayari mwingine ndio afe, tai abaki nayo yeye. Nilimdharau siku zote kama mtu anavyomdharau jogoo asiyewika, kwa kucheka. Pale michongomani kicheko kiliniisha.

Fundi alitupa jembe. "Hapa hakuna bomba, hakujawahi kuwa na bomba. Mzee unanichezea." Akaja ndani kuona hali ya chumba, mjomba nyuma yake akieleza kwamba udongo wa siku hizi unahamahama. Fundi aliingiza kidole kwenye saruji chini ya dirisha, kikazama chote. Akakitoa, akakifuta kwenye suruali.

"Mama huyu hawezi kukaa humu," akasema.

Mama alikuwa bado anamtazama mdogo wake. Alimsubiri kidogo tena. Kisha akageuza uso kwa fundi.

"Mwanangu, nenda kibarazani. Karibu na mlango kuna kigae chenye maua, hakifanani na wenzake. Kipige nyundo."

"Dada," mjomba akasema, "pale hapana kitu."

"Kipige," mama akamwambia fundi.

Tulisikia nyundo ikipiga kigae, halafu ikipiga zege, halafu ikipiga chuma. Mjomba hakuondoka mlangoni. Alisimama na spana yake, akitikisa kichwa taratibu kama anayesikia habari za watu wengine. Halafu mlio wa maji jikoni ukapungua, ukawa mchirizi, ukakatika. Fundi akapiga kelele kutoka nje kwamba koki ni nzima kabisa, haijawahi kuguswa.

"Nilikuwa nimeshaanza kukumbuka," mjomba akasema. "Mngenipa dakika chache."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nguo zikinidondoka maji, nikamwuliza mama kama alijua tangu mwanzo.

"Nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni siku anamwaga zege," akasema. "Alisahau kuacha kishimo cha koki. Kukumbuka, zege limekauka. Alinitazama, nami nikatazama pembeni."

"Na asubuhi yote hii umelala humu, unajua, umenyamaza?"

"Nilijisemea, akiniona nimelala hapa, atasema mwenyewe."

Alilisema akiwa anamtazama mjomba, si mimi. Sauti haikupanda. 

"Nitoeni sasa," mama akasema.

Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. Mjomba akaweka spana dirishani, akaja haraka, akainama ashike miguu, maana miguu ya mama kila siku huishika yeye, tukimpeleka hospitali, tukimpeleka juani. Mama akaivuta kwa uchungu wa nyonga, taratibu, mpaka ikatoka mikononi mwa mjomba.

"Fundi," akaita. "Njoo unishike miguu wewe."

Fundi akaja na mikono yake yenye matope, akamshika. Tukampitisha mlangoni, na mjomba ikabidi asimame kando atupishe.