Chumvi ya Moto Kiunoni

Nikiisimulia natabasamu, lakini msidhani ilichekesha: mimi, mtu mwenye digrii, suruali ilinidondoka mbele ya watu wa mtaa wa Kamwokya kwa sababu ya chumvi, na ubishi wangu ndio ulioniponza.

Mgongo ulikuwa ukiniuma mwaka wa tatu. Daktari alisema hautapona kabisa, nijifunze kuishi nao: nitembee kila siku, nisibebe vizito, nijikande kwa joto. Senga, shangazi niliyeishi naye Kyebando, alikuwa akipasha mchanga kikaangoni, anautia katika mfuko wa kitambaa, ananifunga kiunoni. Lakini mimi sikubali kitu bila kukijaribu (hata padri alinichoka), nikajiuliza kwa nini mchanga, kwa nini si chumvi, labda inashika moto zaidi. Basi asubuhi ile Senga alipokwenda kuteka maji nikapasha chumvi yote ya nyumbani, chumvi aliyoipangia foleni kutwa, maana miaka ile ya utawala wa wanajeshi haikuonekana madukani na ukikutwa nayo nyingi wewe ni mtu wa magendo. Nikajifunga, nikashuka kwa miguu kwenda kazini, mgongo umetulia, najiona mwanasayansi.

Kamwokya nikakuta kizuizi cha wanajeshi na lori lao. Tukapangwa mstari. Askari kijana akanipapasa, akaniuliza kwa Kiswahili chao cha kambini.

"Hii nini? Bomu?"

"Chumvi, afande. Dawa ya mgongo."

"Chumvi! Magendo mpaka ndani ya suruali! Toa!"

Nikafungua, na kumbe nilivyokonda mfuko ule ndio uliokuwa ukishikilia suruali. Ikaanguka. Hakuna aliyecheka (ndipo nilipojua hali ni mbaya).

"Wewe mgonjwa? Damu wapi? Kidonda wapi?"

Mimi ninayedai ushahidi wa kila kitu sikuwa na hata mmoja.

"Panda lori!"

Nikainama kuvuta suruali, mgongo ukakakamaa, nikabaki nimepinda pale pale.

"Huyu nadanganya!" Akainua kitako cha bunduki.

Sajini mmoja mzee akasogea, akitembea kwa kulalia upande mmoja.

"Wewe kijana, asubuhi wewe natoka kitandani namna gani?"

"Nageuka ubavu kwanza, afande. Halafu nashusha miguu. Halafu nasukuma kwa kiwiko."

Akanitazama sana. "Huyu mgonjwa kweli. Acha yeye."

Kisha akauokota mfuko, ungali moto, akajifunga juu ya sare, akafumba macho.

Nikaondoka nimeshika suruali kwa mikono miwili. Aliyenifuata mstarini alikutwa na pakiti ya sukari ndani ya koti, na sukari haifungwi kiunoni. Nilimsikia akisema, "Ya watoto, afande, ya watoto," kisha ubao wa lori ukapigwa komeo. Sikugeuka. Mgongo haukuniruhusu, na hata ungeniruhusu nisingegeuka.

Jioni tulikula maharagwe yasiyo na chumvi. Senga akauliza tu, "Mchanga ulikukosea nini, mwanangu?"

Sijaivaa chumvi tena, wala sitaivaa. Mengine yote bado nayahoji, ila kiunoni ni mchanga, na suruali ina mkanda wake. Na kila asubuhi, ubavu kwanza, halafu miguu, halafu kiwiko, namkumbuka yule wa sukari, ambaye hakuwa na maumivu ya kujitetea nayo.