Tik Thelathini na Saba

Jumatatu ile watoto wa shule ya Sorrel walipanga foleni ya chakula cha mchana, trei mikononi, wakangoja. Hakuna aliyewatupia mstari. Kwa miaka ishirini na saba Orpha Slone alikuwa akisimama nyuma ya sufuria za maharage na kuimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, harakaharaka, kama mtu anayesoma tangazo, nao watoto wakiurudia kwa kuuvuta polepole kama wazee wao wavutavyo siku za ibada, mpaka mwalimu mkuu akachoka kuwanyamazisha. Siku hiyo ilisikika miiko tu. Mtoto mmoja alimuuliza mpishi mgeni Bibi Orpha yuko wapi. Mpishi akajibu kwamba anaumwa tumbo. Watoto wakacheka kidogo, maana ukiwa na miaka saba, tumbo ni jambo la kuchekesha.

Delphia, mdogo wake Orpha, alihadithiwa kicheko hicho na jirani, na hakujua akiweke wapi moyoni. Yeye alikuwa ameliona tumbo lenyewe.

Aliliona kwenye kioo cha kompyuta katika hospitali ya mji wa Lexington, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka bondeni kwao. Asubuhi walimpa Orpha yai lililokorogwa, limetiwa chembe za dawa inayotoa mionzi ili kamera ilione ndani ya mwili, pamoja na kipande cha mkate mkavu. Wakamlaza chini ya kamera, wakampiga picha, wakamwambia akae. Baada ya saa moja picha nyingine. Baada ya saa mbili nyingine. Saa nne zilipotimia, fundi aliwaonyesha, na Delphia akasogea karibu na kioo hadi pumzi yake ikatia ukungu. Yai lilikuwa palepale. Doa jeupe, tulivu, limeketi katikati ya giza la dada yake, halina haraka ya kwenda popote.

"Sasa lingetakiwa liwe limeshuka karibu lote," fundi alisema. "Hili halijafika hata nusu."

"Yai langu linaheshimu wenyeji," Orpha alisema. "Limekaribishwa, limekaa."

Fundi hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Delphia naye alikuwa hawezi. Alikuwa akifikiri juu ya mwanamke aliyelisha watoto mia mbili kila siku, aliyekula yeye mwenyewe kama mchimba makaa, na ambaye tumbo lake siku moja lilisimama kama saa ya ukutani. Daktari alilipa ugonjwa ule jina refu. Kwa lugha ya nyumbani, alisema, tumbo limepooza. Na alipoulizwa sababu, alitaja sindano ya kisukari ambayo Orpha alikuwa akijichoma kila wiki kwa miezi kumi na minne, ile ambayo watu wengi waliisifu kwa kuwa iliwapunguza na unene pia. Waliacha kumwandikia. Tumbo halikuamka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Delphia alilijua na daktari hakulijua.

Miaka miwili nyuma, wakati wa baridi, Delphia alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni nyumbani kwa dada yake, miguu ameinyoosha, wanazungumza. Orpha ndiye aliyesikia harufu. Soksi ya Delphia ilikuwa inaungua juu ya bati la jiko na ngozi chini yake ilikuwa inaungua pia, naye Delphia alikuwa katikati ya sentensi. Sukari ilikuwa imeua hisia za nyayo zake. Alikuwa akilea wazee majumbani mwa watu, kazi isiyo na bima, na ile dawa mpya alikuwa akiiona kwenye televisheni tu.

Jumapili iliyofuata, walipotoka ibadani, Orpha alimwita jikoni. Alikuwa na kalamu yake ya dawa, ile ya kuchoma sindano, ambayo ukizungusha kitako chake hulia tik, tik, tik hadi ufike dozi kamili. Dozi yake ilikuwa tik sabini na nne. Alikwisha kuzihesabu.

"Thelathini na saba zangu," alisema, "thelathini na saba zako. Sindano tutabadilisha. Inua blauzi."

"Dada, hii imeandikwa jina lako."

"Na viazi vya bustani yangu vimeandikwa jina la nani? Inua blauzi."

Ndivyo walivyolelewa. Bondeni kwao nguruwe akichinjwa, mafuta hugawanywa kabla hayajaganda. Mtu akifa, sahani huanza kuingia mlangoni kabla jeneza halijafika. Walizoea kugawana hata vidonge vya presha. Kwamba dawa inaweza kuwa ya mtu mmoja tu, kama alama za vidole, lilikuwa wazo la watu wa mjini. Hivyo kila Jumapili kwa zaidi ya mwaka walisimama jikoni, wakubwa wawili wenye mvi, wakihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza.

Na hapa ndipo Delphia aliposhangaa mpaka akaogopa. Dawa ileile, kutoka kalamu ileile, kwa mabinti wa mama mmoja. Yeye ilimponya. Sukari ilishuka. Masika yale alitoka kuchukua barua sandukuni bila viatu, akahisi ubaridi wa nyasi, akasimama pale huku analia. Dada yake ilimgeuza jiwe.

Orpha hakutaka kudai chochote mpaka daktari alipomweleza juu ya kifaa kidogo, kama betri, kinachopandikizwa chini ya ngozi ili kulishtua tumbo lifanye kazi. Bima ya shule ilikataa kukilipia, mara mbili. Wakili Keaton Prather, msichana wa kutoka bonde la pili, akamwambia kwamba maelfu ya watu nchi nzima wamewashtaki watengenezaji wa sindano hizo, wakisema hawakuonywa ipasavyo. Yeye ana picha ya yai, watu wengi hawana. Dai likisimama, kifaa kitapatikana.

"Wewe si mjukuu wa Hobart Prather?" Orpha alimuuliza siku ya kwanza.

"Ndiye mimi."

"Babu yako alituibia mbwa."

"Alisema mbwa alimfuata mwenyewe, Bi. Orpha."

"Alikuwa na nyama mfukoni," Orpha alisema, akatia saini.

Asubuhi ya kwenda kuhojiwa na wakili wa kampuni, Delphia ndiye aliyeendesha. Orpha alikaa na ndoo ndogo miguuni, amevaa gauni la kanisani lililokuwa limemkaa vizuri zamani na sasa linamwagika mabegani kama la kuazima.

"Dada, wakikuuliza kama dawa ulitumia yote mwenyewe, sema ndiyo."

"Mm."

"Usiniitikie mm. Unakumbuka Baba?"

Orpha alikumbuka. Baba yao alidai fidia ya mapafu yaliyojaa vumbi la makaa. Walimuuliza kama aliwahi kuvuta sigara, akasema kweli, alivuta miaka miwili alipokuwa kijana. Waliishika sigara hiyo kwa miaka kumi na mmoja, mpaka wakamzika.

"Walimnyima kwa sababu walitaka kumnyima," Orpha alisema. "Sigara ilikuwa kisingizio."

"Basi usiwape kisingizio. Mimi ni mzima. Mimi si kitu."

"Endesha gari. Kuna lori la magogo mbele yako na wewe unanitazama mimi." Kisha, baada ya kona mbili: "Wewe nawe kwa kufundisha watu uongo. Uliwahi kumwambia Mama kwamba kuku ndiye aliyekula jemu."

Chumba cha mahojiano kilikuwa juu ya lililokuwa duka la samani. Kamera moja, meza ndefu, mwanamke wa kuandika kila neno. Delphia aliruhusiwa kukaa nyuma mradi asifungue mdomo. Wakili wa kampuni aliitwa Whitlow, mtu mpole, mwenye sauti ya kuuguza. Orpha alipotakiwa kuapa alisema kanisani kwao hawaapi, atasema kweli basi, na mwandishi akabadilisha maneno kama sheria inavyoruhusu.

Kwa saa nzima yalikuwa maswali ya tarehe. Kisha Whitlow akageuza karatasi.

"Rekodi za duka la dawa zinaonyesha kalamu moja kila mwezi, miezi kumi na minne. Ulizitumia zote wewe mwenyewe?"

Delphia alibana mikono katikati ya magoti.

"Hapana," Orpha alisema. "Nilitumia nusu. Nusu nyingine nilimchoma mdogo wangu, huyo pale nyuma. Tik thelathini na saba kila mmoja."

Keaton Prather alifumba macho kwa muda mfupi, kisha akayafumbua na kuandika. Whitlow hakuonyesha furaha. Labda alikuwa mtu mwema nyumbani kwake. Aliuliza kama daktari alijua. Hakujua. Aliuliza kama karatasi ya maelekezo ilikataza kugawana. Ilikataza.

"Bi. Slone, umesema kutapika kulianza Septemba. Lakini daktari wako anaandika kwamba ulimweleza kwa mara ya kwanza mwezi Januari. Ulimwona Oktoba, ukamwona Desemba. Mara zote mbili ulisema huna shida."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unatapika?"

"Kila siku. Wakati mwingine chakula cha juzi, kizima, ungeweza kukirudisha mezani."

"Kwa nini hukumwambia?"

Mwandishi alingoja, vidole juu ya mashine. Orpha alinywa maji tone moja, kama ndege.

"Angeacha kuniandikia," alisema. "Na miguu ya Delphia ilikuwa imeanza kuhisi."

Delphia alikuwa na miaka hamsini na minne, na alidhani anamjua yule mtu aliyekaa mbele yake, nywele zake, kikohozi chake, namna anavyoshika kikombe. Sasa alitazama mgongo ule uliokonda chini ya gauni na akahisi kama mtu aliyeishi maisha yake yote kando ya mlima akidhani ni ukuta wa ghala. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Jumapili kumi na saba. Kila Jumapili mwanamke huyu alikuwa ametoka chooni, amesukutua, amepiga poda, ameingia jikoni, akasema inua blauzi.

Nje, kwenye maegesho, Delphia alisimama na ufunguo mkononi bila kufungua gari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Bila shaka ningekataa."

"Haya basi," Orpha alisema, kana kwamba hesabu imetoka sawa. "Fungua mlango, nimechoka kusimama."

Baada ya miezi mitano Keaton Prather alikuja mwenyewe nyumbani kwa Orpha na barua, hakutaka kuituma. Mawakili wa kampuni walikuwa wamemwomba jaji aliondoe dai la Orpha kati ya yale maelfu, kwa kuwa hakutumia dawa kama alivyoandikiwa na kwa kuwa aliendelea kuitumia akijua inamdhuru. Jaji alikubali. Keaton alisoma yote hadi mwisho. Akasema kama angejua mapema, pengine angetafuta njia ya kuyaeleza.

"Ungeyaelezaje?" Orpha alimuuliza, kwa kutaka kujua kweli.

Keaton alifikiri. "Sijui, Bi. Orpha."

"Mimi pia sijui. Kula keki." Alikuwa ameoka ile ya matabaka na matufaha makavu, tabaka saba, ambayo yeye mwenyewe hakuweza kumeza hata kijiko. Alimtazama msichana anavyokula, kila tonge, kwa uso wa mtu anayesikiliza habari njema za mbali.

Delphia alisimama karibu na dirisha, hana viatu. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba msamaha aliyoyapanga tangu siku ile ya mahojiano, na yalimwishia yote. Msamaha ulikuwa chombo kidogo mno. Alichokifanya ni kwenda kwenye chumba cha kulala cha dada yake, kuvuta sanduku lililokuwa juu ya kabati na kuanza kukunja nguo.

"Unafanya nini humo?" Orpha aliita.

"Nakuhamisha."

"Nani kakwambia nataka kuhama?"

"Hakuna. Na wewe hukuniuliza mimi."

Keaton aliacha kutafuna.

"Usisahau koti la buluu," Orpha alisema. "Na usilikunje hivyo unavyokunja, kama unafunga samaki."

Orpha Slone ana miaka sitini na tatu sasa. Analishwa kwa mrija unaoingia kwenye utumbo mdogo, saa kumi kwa siku, na anaishi katika chumba cha mbele cha nyumba ya Delphia.