Hapana ya Kwanza ya Halvor Brekke

Halvor Brekke aliishi na mkewe Borghild katika nyumba ya magogo. Ilijengwa kwa mikono ya babu yake Borghild, mtu wa kwanza kutoka Norwei kulima uwanda ule wa Minnesota, Marekani. Mji ukakua, ukaizunguka, hata ikabaki kama jino moja kinywani. Hawakujaliwa watoto. Borghild alipofariki, theluji haijayeyuka bado, Halvor aliikabidhi nyumba kwa baraza la mji iwe makumbusho, isije ikabomolewa kupisha kituo cha mafuta. Yeye akahamia ng'ambo ya barabara, kwa shemeji yake Gudrun.

Kuhama hakukumuuma. Lililomuuma ni jiko. Borghild alikuwa akiliwasha kwa kuni kila asubuhi, na tangu azikwe, chuma kile kilikuwa baridi. Halvor alitaka jambo moja tu: awe yeye wa kuliwasha.

Siku moja mkuu wa makumbusho, Bi Delgado, mwanamke kijana aliyetoka Texas, alimkuta kibarazani.

"Mzee Halvor, ungependa kuja kutuwashia jiko asubuhi? Wageni waone jikoni kuna uhai."

Moyo ulimruka. Akasema, "La, usijisumbue."

"Haya, mzee, pumzika. Tutatia taa nyekundu ndani, itafanana na moto."

Akaenda zake.

Jioni Halvor hakugusa viazi.

"Umenuna nini, shemeji?" Gudrun akauliza.

"Yule binti ameniuliza kama ningependa kuwasha jiko."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia asijisumbue."

"Naye?"

"Akaniamini."

Gudrun akaweka uma chini. Kwao, watu wa asili ya Norwei, mtu akikaribishwa kahawa hukataa, akakaribishwa tena akakataa, ya tatu ndipo hupokea, tena nusu kikombe. Anayepokea upesi huonekana hakulelewa. Bi Delgado angejulia wapi?

"Basi nenda ukamwambie unataka."

"Nikaombe? Mimi?"

"Kaa na adabu zako, tuone kama zitakupa joto."

Usingizi haukumjia vizuri. Asubuhi, dirishani, alimwona Gudrun kavuka barabara na aproni yake, anamsemesha Bi Delgado, kainua vidole vitatu. Bi Delgado akajiziba mdomo. Kisha wote wawili wakaja, ile taa nyekundu bado iko mkononi mwa binti.

"Mzee Halvor, utatuwashia jiko?"

"La, nyinyi mna mafundi."

"Utatuwashia, mzee?"

"Nimezeeka. Nitawamwagia majivu."

Bi Delgado akamtazama Gudrun. Gudrun akakohoa.

"Mzee, nakuomba. Utatuwashia?"

Halvor akatazama viatu vyake. "Kama hapana budi. Labda kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kila siku," akasema.

"Mungu wangu, bora hukumchumbia dada yangu kwa kasi hii," Gudrun akasema. "Angeolewa na mwingine."

"Dada yako ndiye aliyeniuliza," Halvor akasema. "Mara tatu."

Akavuka barabara. Akapanga vibanzi vya kuni, akawasha. Mlango wa jiko ulitaka kuinuliwa kidogo ndipo ufungike, naye akauinua bila kufikiri. Chuma kikaanza kugonga-gonga kikipata moto, kama siku zote. Halvor akaketi kwenye kiti chake; kile cha Borghild akakiacha kitupu pale karibu na jiko.

Baada ya kitambo akavua koti. Tangu mazishi hakuwahi kulivua humo ndani.