Penseli ya Maabara

Anapokata, hubana pumzi. Kipande cha nyama kilichozamishwa kwenye nta hupita kwenye kisu cha mashine, na utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu huelea kwenye maji ya uvuguvugu. Hapo ndipo yule mzee wa maabara ya Bariadi hushusha pumzi na kuuopoa kwa brashi, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Vidole vyake hunuka fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, hata Jumapili kanisani. Kwenye darubini ameuona mwili wa binadamu ukianza: figo, mapafu na moyo wa watoto waliotoka kabla ya siku zao. Kikaratasi cha jina anachotumbukiza katika kila chupa hukiandika kwa penseli, maana spiriti hufuta wino. Huwakemea wanafunzi wake: "Penseli! Kalamu ni ya barua."

Mwezi uliopita penseli ilimpotea. Akaona mara moja tu haidhuru, akaandika vikaratasi viwili kwa kalamu. Leo Milembe amekuja kutoka Ngulyati kumchukua mwanawe aliyetoka kabla ya siku zake akamzike nyumbani, na mzee anazigeuza chupa mbili dirishani, vikaratasi vyote vyeupe.

"Baba, wangu ni yupi?"

Mzee anaziinua tena kwenye mwanga. Amebana pumzi, na hakuna anachokata.

"Basi nipe wote wawili," anasema Milembe. "Nitawazika."

Nje, kwenye benchi, mama wa chupa ya pili, aliyetoka Dutwa asubuhi, amepakata kanga mpya, anasubiri kuitwa.