Vidonge vya Mama

Mama yangu alikuwa na presha, na kila mwezi nilimpelekea vidonge kijijini Ziba kutoka mjini Nzega. Nilidhani anameza kila siku. Kumbe aligawana na shangazi, mwenye presha pia lakini asiyetaka kwenda hospitali. Leo anameza mama, kesho shangazi, kama watu wanaogawana chumvi. Siku moja niliwakuta wakigawana, nikacheka, nikamsifu mama kwa moyo wake.

Mwezi uliofuata nilimkuta mama asubuhi akipepeta mtama. Alishika kichwa, akaanguka, mdomo ukaenda upande. Shangazi alisema ni upepo mbaya, akampaka mafuta, akamlambisha asali. Tulifika hospitali jua limeshageuka. Daktari alisema mshipa umepasuka na damu imevujia kwenye ubongo, kwa sababu presha ilikaa juu siku nyingi. Alikufa kesho yake.

Msibani kila mtu aliniambia ni kazi ya Mungu. Niliuma meno. Mungu hakugawa vile vidonge.

Siku ya kuanua matanga shangazi alinivuta pembeni.

"Mwanangu, vile vya marehemu vilivyobaki viko wapi? Usije ukavitupa."

"Sikupi, shangazi. Kesho tunakwenda ukapimwe, upewe vyako."

"Mchoyo wewe! Mama yako hakuwa hivyo."

Ni kweli, hakuwa hivyo, na mimi nilimsifu kwa hilo. Asubuhi nilimshika mkono hadi kwenye basi. Alinitukana njia nzima, nami sikumwachia.